Msitu Wenye Mwanga

Wahenga walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Utakula naye sahani moja miaka ishirini, usijue anawaza nini. Lakini Mwenyezi Mungu, ambaye kazi zake hazina mfano, amemwacha kiumbe mmoja mdogo aanze maisha bila pazia.

Ni samaki-pundamilia, mwenyeji wa vijito na majaruba ya mpunga ya India, Nepali na Bangladesh. Akikomaa hazidi urefu wa kidole. Kifaranga wake wa siku tano ana milimita nne tu, na mwili wake hupitisha mwanga kama kioo. Mweke chini ya hadubini: utaona moyo ukidunda, damu ikikimbia, hata ubongo wenyewe.

Ubongo huo una seli za neva zipatazo 100,000. Watafiti humpa kifaranga jeni iliyotengenezwa kutokana na ile ya konyeza wa baharini, na kila seli inapofanya kazi hung'aa. Mwaka 2013, huko Virginia, Marekani, Misha Ahrens na Philipp Keller walipitisha utando mwembamba wa mwanga katika ubongo wa kifaranga, wakaona zaidi ya asilimia 80 ya seli zake zikiwaka na kuzimika kama vimulimuli shambani.

Sasa tazama mpango wa ubongo huo. Kisogoni zimo seli mbili kubwa, ziitwazo seli za Mauthner, moja kila upande. Adui akitikisa maji kushoto, seli ya kushoto hushtuka. Lakini uzi wake umevuka kwenda kulia, hivyo misuli ya kulia ndiyo inayojikunja, na kifaranga huanza kugeukia mbali na hatari ndani ya takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Uzi huo usingevuka, angejikunja kuelekea kinywani mwa adui! Na watafiti walipoziua seli hizo kwa miale ya leza, kifaranga bado alikimbia, ila kwa kuchelewa kidogo. Kumbe alikuwa amewekewa seli nyingine za akiba.

Nasi je? Pikipiki ikipiga honi nyuma yako, mwili huruka kabla hujajua unakimbia nini. Hesabu hiyo ya kukwepa hukufundishwa shuleni, wala mama hakukuonyesha. Ulizaliwa nayo, kama kifaranga yule wa jarubani. Sifa zimrudie Aliyeipiga hesabu hiyo.