Milki na Amana katika Kamera na Picha za Zamani

Kwa anayekusanya kamera za filamu za enzi ya Kisovieti, thamani ya kamera imo katika asili yake. Kamera ya FED ilianza kuundwa mwaka 1934 mjini Kharkiv, kwa kuiga Leica ya Ujerumani, katika makao yaliyolea watoto wa mitaani walioachwa na vita. Baadaye walaghai walifuta majina ya FED na ndugu yake Zorki, wakachora la Leica. Mjuzi hufungua lenzi na kuchungulia: Leica ya kweli ina kigurudumu kidogo ndani, FED ina ulimi wa chuma uliochongoka. Kamera hiyo ya bandia hupiga picha kama kawaida. Kilichofutwa ni kazi ya walioiunda, na hiyo ni dhuluma hata kama mnunuzi hajalalamika.

Basi historia iliyomo ndani ya kitu ni ya nani? Kwa kamera jibu ni jepesi: iliundwa iuzwe, na aliyeinunua ndiye mwenyewe. Negativu ni jambo jingine. Musa Katuramu, seremala na mwalimu wa Mbarara, alianza kupiga picha miaka ya 1930. Negativu zake zilibaki kwa familia hadi mradi wa History In Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011, ulipozinakili na kuzichapisha. Waliosimama mbele ya lenzi yake walikubali kupigwa picha. Sura zao hawakuziuza.

Aliyekuwa Mufti wa Misri, Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliruhusu picha za kamera kwa hoja kwamba mpigapicha haumbi kitu, anazuia kivuli tu. Hoja hiyo ina upande wa pili: kivuli kilichozuiwa bado ni cha mwenyewe. Aliye nacho ameshika amana.

Uzito wa amana hiyo unaonekana Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, makazi ya wakimbizi yaliyopokea Wanyarwanda tangu karibu mwaka 1960, na baadaye Wakongo, Warundi na Wasomali. Anayekimbia usiku habebi albamu. Picha pekee ya marehemu mama yake huenda iko kwa jirani wa zamani, au ndani ya kasha la studio aliyoiacha nyuma. Aliyenayo, hata kama ameinunua kihalali, anadaiwa nakala, na nakala haimpunguzii kitu.

Sura zisizojulikana nazo zina hukumu yake. Fiqhi ya Kiislamu humtaka aliyeokota mali ya mtu aitangaze mwaka mzima kabla ya kuitumia. Kwa picha mwaka hautoshi, maana wajukuu huja kuuliza baada ya miaka hamsini. Mtunzaji wa negativu anapaswa kuendelea kuzionyesha hadharani, pamoja na mahali zilipopigwa, hadi atokee wa kuwatambua waliomo.