Mstari wa Kuanzia

Wahenga walisema, kutangulia si kufika. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huiandika katika insha zao bila kuitilia shaka. Aghalabu hutajwa ili kumfariji aliyebaki nyuma. Lakini tukisikiliza vizuri, mara nyingi msemaji ni yule aliyekwisha kutangulia. Yafaa basi tujiulize swali ambalo methali haikuliuliza: mbio zilipoanza, wakimbiaji walisimama wapi? Na kama wote walisimama kwenye mstari mmoja, je, hiyo tu yatosha kuitwa haki?

Hapa Rusizi, ambako wazee wangali wakiita Cyangugu, hatuna uwanja wa mbio za farasi. Hata hivyo mbio hizo si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Uwanja wa Ngong mjini Nairobi ulifunguliwa mwaka 1954. Tumechagua mfano wa farasi kwa sababu watu wa mchezo huo wamelifikiri jambo la mahali pa kuanzia kwa muda mrefu, maana fedha zao zimo ndani yake.

Huko Uingereza, tangu mwaka 1965, farasi walianza kupangwa katika vizimba vyenye milango inayofunguka kwa pamoja. Hakuna pua inayotangulia nyingine, na jicho la mtazamaji huridhika. Lakini uwanja una kona. Anayekimbia mita moja nje ya mwenzake, wakizunguka duara zima, hulazimika kwenda zaidi ya mita sita za ziada. Katika uwanja wa Chester, ambao mzunguko wake ni mfupi na kona zake ni nyingi, yajulikana kwamba katika mbio fupi farasi aliyepata kizimba cha ndani ana nafasi nzuri kuliko aliyepata cha nje. Mstari umenyooka, lakini safari hazilingani.

Wanadamu wamebuni dawa tatu za ugonjwa huu. Ya kwanza ni kura: kila farasi hupewa kizimba kwa bahati, si kwa upendeleo. Ya pili ni uzani: katika mbio za namna fulani, farasi aliyeonyesha nguvu zaidi hubebeshwa vipande vya risasi ili wenzake wamkaribie. Ya tatu haitoki kwa farasi bali kwa wanariadha wetu wa miguu. Katika mbio za mita 400, kila mkimbiaji hubaki katika njia yake, na yule wa njia ya nane huanza takriban mita 53 mbele ya yule wa njia ya kwanza. Mgeni asiyejua hesabu yake atapiga kelele kwamba huo ni wizi. Kumbe hapo ndipo penye haki, kwa kuwa kila mmoja atakimbia mita 400 zilezile, na utepe wa mwisho ni mmoja kwa wote.

Tuzipime dawa hizo. Kura ni kitu cha heshima, maana humfunga mikono mwenye kupendelea. Lakini haiondoi madhara ya kona. Huyagawa tu bila kumtazama mtu usoni. Farasi aliyeangukia kizimba cha nje leo aweza kupata cha ndani mwezi ujao, na baada ya mbio nyingi hesabu ikakaribia kulingana. Je, mtoto? Yeye huingia darasa la kwanza mara moja tu. Kumwambia kwamba kuzaliwa kwake mbali na shule ni bahati, na bahati haina mwenyewe, ni kusema kweli isiyomsaidia. Kura humfaa atakayekimbia tena. Akimbiaye mara moja ahitaji zaidi ya kura.

Uzani nao una hatari yake, na nchi hii yaijua. Katika miaka ya 1970 na 1980 nafasi za shule za sekondari ziligawanywa kwa kutazama kabila la mtoto na mkoa alikotoka, na sera hiyo ikaitwa iringaniza, yaani kusawazisha. Jina lilikuwa zuri. Lakini mpimaji wa farasi humtwika mnyama risasi baada ya kuziangalia mbio alizokwisha kukimbia. Mtoto wa Rwanda alitwikwa mzigo kabla hajainua mguu, kwa sababu ya yale yaliyoandikwa juu ya wazazi wake. Basi tusidhani kwamba kila anayetamka neno usawa ameshika kipimo mkononi.

Sasa tuingie darasani mwetu. Mtoto wa Kamembe husikia Kiswahili sokoni, msikitini, na kwa wafanya biashara wavukao mto kutoka Bukavu. Mtoto wa milima ya chai ya Shagasha, au wa kisiwa cha Nkombo, yamkini hukutana nacho kwanza katika kitabu. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, alama zake si jambo la mapambo. Nasi twawapa wote insha moja, saa moja, na kalamu moja nyekundu, kisha twajisifu kwamba hatukumpendelea mtu. Tumenyoosha mstari tukaisahau kona.

Twashauri nini? Si kuishusha alama ya kufaulu, maana hiyo ni kuusogeza utepe wa mwisho, na anayeuvuka utepe uliosogezwa hudharauliwa na watu, hata na nafsi yake. Wala si kumtwika mzigo mtoto wa mjini kwa kuwa amesikia mapema. Twashauri kusogeza mahali pa kuanzia: saa za mazungumzo kwa asiye na wa kuzungumza naye, na kitabu cha kwenda nacho nyumbani kwa asiye na soko la kumfundisha.

Mwenzetu mmoja atapinga, na ana haki ya kupinga, kwamba uwanja hupimwa kwa kamba, bali maisha ya watoto hayana kamba. Ni kweli. Tena tumeona katika kusahihisha kwamba mtoto wa Kamembe, tuliyemdhania kuwa njia ya ndani, ana kona yake mwenyewe: huzungumza upesi, lakini ngeli humtatiza, na kulisahau kosa lililozoeleka ni kazi kuliko kujifunza upya. Kwa hiyo tusikisie kwa kutaja kijiji au jina. Tumsikilize kila mmoja akisoma na kusema, juma la kwanza la mwaka, kisha tumsikilize tena. Anayepima aweza kukosea, na kosa lake hurekebishwa kwa kupima mara ya pili. Anayekataa kupima hana kosa la kurekebisha, kwa kuwa haoni kosa lolote.

Kutangulia si kufika, naam. Lakini kabla hatujamwambia hivyo mtoto aliye nyuma, twende kwanza tukapime aliposimama.