Ukarabati wa Wanasesere wa Zamani na Swali la Kitu Kubaki Kilekile

Ukarabati wa wanasesere wa mitindo, yaani wanasesere wenye umbo la mwanamke mzima waliotengenezwa ili wavishwe na kubadilishwa mavazi, huhesabiwa na wengi kuwa burudani ya watu wazima wenye nafasi. Hata hivyo, fundi anayeketi mezani na mwanasesere wa zaidi ya nusu karne, akiwa na sindano, nywele za bandia na chupa ya asetoni, hulazimika kujibu, ajue asijue, swali ambalo wanafalsafa hawajalimaliza: kitu kinapotengenezwa upya, ni nini hasa kinachookolewa, na ni nini kinachopotea? Insha hii inalichunguza swali hilo kwa mfano wa Barbie wa miaka ya mwanzo, na inatetea rai kwamba kinachomfanya mwanasesere awe yeye na si mwingine ni historia yake, wala si umbo lake au maada yake peke yake, na kwa hiyo wajibu wa kwanza wa fundi ni kusema kweli juu ya historia hiyo.

Barbie alionyeshwa kwa mara ya kwanza jijini New York tarehe 9 Machi 1959 na kampuni ya Mattel, ambayo mmoja wa waasisi wake, Ruth Handler, alikuwa amevutiwa na mwanasesere wa Kijerumani aitwaye Bild Lilli, aliyeanza kuuzwa mwaka 1955. Matoleo ya mwanzo yalitengenezwa Japani, na kutoka katika kalibu zilezile walitoka maelfu kwa maelfu wenye urefu wa sentimita 29 hivi, macho ya kutazama pembeni, nyusi zilizochongoka, nywele zilizofungwa nyuma kwa mkia mmoja, na vazi la kuogelea lenye mistari myeusi na myeupe. Siku walipotoka kiwandani hapakuwa na cha maana kilichomtenga mmoja na mwenzake. Tofauti ililetwa na watoto waliowachezea: huyu alikatwa nywele kwa mkasi wa jikoni, yule akatafunwa vidole vya miguu, mwingine akapakwa wino midomoni. Ikiwa upekee maana yake ni sifa zinazokitenga kitu kimoja na vingine vya aina yake, basi upekee wa wanasesere hawa umo katika makovu yao.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa makovu hayohayo ndiyo ambayo mkarabati hupania kuyafuta. Anapotaka kumrudishia mwanasesere nywele, hukilainisha kichwa kwa maji ya moto hadi kikubali kutoka shingoni, hukata nywele zilizosalia, huvuta mashina yake kwa kibano kutoka ndani, kisha hupitisha nyuzi mpya kwa sindano katika matundu yaleyale ya kiwandani, safu baada ya safu, kuanzia kwenye paji la uso. Uso nao huweza kusafishwa kwa asetoni, kimiminika kinachoyeyusha rangi, na kuchorwa upya. Kazi hiyo ikifanywa kwa ustadi, mwanasesere huonekana kama aliyetoka dukani jana. Lakini kadiri anavyofanana na wenzake wote wa kiwandani, ndivyo anavyozidi kupoteza kile kilichomfanya awe yeye.

Mgongano huu ulijadiliwa katika karne ya 19 kuhusu majengo. Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 juu ya taa saba za usanifu majengo, aliona kwamba ukarabati ni aina ya uharibifu, kwa sababu hakuna awezaye kuirudisha roho ya mafundi waliokwisha kufa. Mfaransa Eugène Viollet-le-Duc alishika njia iliyo kinyume, akafundisha kwamba kukarabati ni kukifikisha kitu katika ukamilifu ambao huenda hakikuwahi kuwa nao. Kwa mwanasesere, rai ya Viollet-le-Duc huelekea kwenye nywele mpya na uso mpya, ilhali rai ya Ruskin huelekea kumwacha kama alivyo na kumtunza tu.

Hata hivyo, shauri la kumwacha kama alivyo linagonga mwamba mbele ya kile ambacho wahifadhi hukiita dosari ya asili, yaani uharibifu unaotokana na maumbile ya kitu chenyewe. Miili ya wanasesere hawa ni ya vinili, plastiki ambayo kwa asili yake ni ngumu na hulainishwa kwa kuchanganywa na kemikali iitwayo kilainishi; baada ya miaka mingi kilainishi hicho huhama kutoka ndani, hutokeza juu na kuifanya ngozi inate vumbi. Vilevile, vipini vya hereni vyenye shaba hupata kutu, na kutu hiyo hupenya masikioni na kuacha doa la kijani linaloenea mashavuni. Kwa mwanasesere huyu, methali ya kikulacho ki nguoni mwako inatimia neno kwa neno, kwa kuwa pambo halisi ndilo linalokula uso halisi, na anayeshikilia kwamba kila kilicho cha asili kisiguswe analazimika kuchagua ni cha asili kipi kiachwe kiangamie. Tiba nayo haikosi gharama. Mafundi hupaka doa hilo krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi, wakaliacha kwenye mwanga kwa siku kadhaa. Krimu hiyo hufifisha ukijani, lakini isipoangaliwa hufifisha pia rangi ya vinili na kuacha baka jeupe.

Aristotle alifundisha kwamba kila kitu ni muungano wa maada, yaani kile kilichotumika kukiunda, na umbo, yaani mpangilio unaokifanya kiwe cha aina fulani. Umbo haliwezi kumtambulisha Barbie mmoja, maana ni la maelfu. Maada nayo haitoshi, maana inahama yenyewe hata pale asipoguswa na mtu. Thomas Hobbes, akiijadili mwaka 1655 merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja baada ya nyingine, aliuliza itakuwaje iwapo mtu atazikusanya mbao kuukuu na kuunda merikebu ya pili. Wakarabati hukutana na fumbo hilo kila wanapopachika kichwa cha mwanasesere mmoja juu ya kiwiliwili cha mwingine. Jibu linalosalia ni historia: mwanasesere ni yuleyule kwa kadiri mfululizo wa yaliyompata unavyoweza kufuatwa bila kukatwa na udanganyifu, na ukarabati wenyewe ni tukio mojawapo katika mfululizo huo.

Mwitaliano Cesare Brandi, katika nadharia yake ya ukarabati iliyochapishwa mwaka 1963, alitambua kwamba kazi ya sanaa ina madai mawili, la uzuri na la historia, akashauri kwamba sehemu iliyojazwa isivuruge sura kwa mbali lakini itambulike ikitazamwa kwa karibu. Kwa kipimo hicho, kuondoa hereni, kusafisha uchafu na kushona mshono uliofumuka ni halali bila shaka. Kubadilisha nywele na kufuta uso, mambo yasiyoweza kutenguliwa, kunahitaji sababu nzito, kama vile kichwa kilichonyolewa kabisa.

Ipo pia hoja ya kidini inayostahili kusikilizwa. Katika hekalu la Kibuddha la Kiyomizu Kannondo, mtaa wa Ueno jijini Tokyo, hufanyika kila tarehe 25 Septemba ibada iitwayo ningyo kuyo, ambapo wanasesere waliokwisha kazi husomewa sala na kuagwa kwa shukrani, kisha huchomwa moto. Ibada hiyo inalingana na fundisho la Kibuddha kwamba hakuna kinachodumu, na inamkumbusha mkarabati kwamba kuokoa si lazima katika kila hali, na kwamba kung'ang'ania kitu kunaweza kuwa ni kukataa mwisho wake badala ya kukiheshimu.

Kwa hiyo hukumu haiwezi kuwa ya kukataza ukarabati wala ya kuuruhusu pasipo mpaka. Afanyaye kazi hii na ampige picha mwanasesere kabla ya kumgusa, aandike kila alichokiondoa na alichokitia, azihifadhi hereni na nywele kuukuu katika bahasha, na amkabidhi mmiliki anayefuata maandishi hayo pamoja na mwanasesere mwenyewe. Anayetimiza hayo ameongeza sura moja ya kweli katika historia ya kitu, na anayeficha kazi yake ili auze kipya kwa jina la kikuukuu ameghushi, hata kama mkono wake ni wa fundi stadi.