Amana ya Fundi Chini ya Injini

Miongoni mwa maswali ya zamani ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, limo hili: fundi aliyekabidhiwa mali aitengeneze, nayo ikaharibika mikononi mwake pasipo mwenyewe kuona ilivyotokea, je, hulipa au husadikiwa kwa neno lake? Wanazuoni wa Kimaliki walimtwisha dhamana, yaani wajibu wa kulipa, na al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, aliitetea hukumu hiyo kwa hoja kwamba watu hawawezi kuishi bila mafundi, na mafundi hufanya kazi mbali na macho ya wenye mali. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana, hivyo halipi ila akivuka mipaka au akifanya taksiri, yaani uzembe. Hata hivyo al-Rabi, mwanafunzi wa Imamu Shafi, amesimulia kwamba mwalimu wake aliiamini kauli hiyo lakini hakuitangaza, kwa kuchelea mafundi waovu wasije wakaifanya ngao.

Hofu hiyo inaeleweka vyema mtu akitazama ubadilishaji wa mauntingi ya injini, yaani kishikizo cha chuma na mpira kinachoifunga injini kwenye bodi ya gari na kupunguza mtikisiko wake. Gari huwekwa penye sakafu tambarare, magurudumu yakazuiwa, waya hasi wa betri ukafunguliwa, na likiinuliwa, uzito wake hukaa juu ya stendi za chuma wala si juu ya jeki ya mafuta, kwa maana sili ya jeki ikivuja, gari hushuka bila onyo. Jeki ya pili huipokea injini kwa chini, na kati yake na sampu, lile bakuli la oili lenye bati jembamba, hutiwa kipande cha ubao ili uzito usambae na bati lisibonyee. Hapo ndipo bolti hufunguliwa. Na mauntingi mpya ikiingia, bolti zake huanzishwa kwa vidole ili meno yasiharibike, kisha hukazwa kwa spana ya kupimia, kwa kiwango alichotaja mtengenezaji wa gari.

Hakuna hata hatua moja kati ya hizo ambayo mwenye gari anaweza kuihakiki baadaye: ubao hauachi alama, na bolti iliyolegea nusu haionekani hadi injini ianze kucheza. Kwa hiyo taksiri haiwezi kujulikana kwa kutazama gari lililokwisha kufungwa. Hujulikana kwa kanuni za ufundi wenyewe, na anayezipuuza hali anazijua amekwisha kutoka katika amana, hata kama hakuna kilichoharibika. Kauli ya Shafi ndiyo yenye heshima zaidi kwa fundi mwaminifu, lakini haimkingi anayemwingiza saidia fundi chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, kwani hapo kilichowekwa rehani ni uhai wa kijana asiye na sauti ya kukataa. Fundi wa namna hiyo, kijana akiumia, ana dhamana kwa kauli zote mbili.