Zawadi ya Masikio

Walkman ya kwanza ya Sony ilipoingia sokoni Japani, Julai 1979, ilikuwa na matundu mawili ya visikizi na kitufe cha rangi ya chungwa. Ukikibonyeza, muziki unashuka, sauti ya mwenzako inapita kwenye maikrofoni ndogo. Akio Morita, mwasisi mwenza wa kampuni hiyo, aliona si adabu mtu kusikiliza peke yake.

iPod ya 2001 ilikuja na tundu moja tu.

Basi mzazi anayemnunulia kijana kifaa cha muziki anamchagulia nini hasa? Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alilitengea suala la kusikiliza muziki kitabu kizima ndani ya mkusanyiko wake, Ihya Ulum al-Din. Hakuuharamisha muziki wote. Aliuliza unaamsha nini moyoni mwa msikilizaji. Kipimo hicho kina uzito kuliko bei. Wimbo uleule humliwaza huyu, na yule humtenga hata asimsikie mama akimwita.

Na sikio lenyewe ni amana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80; kwa mtoto, desibeli 75. Mnunulie kijana kifaa chenye kikomo cha sauti, kisha muulize anasikiliza nini, na umsikilize akijibu.