Gogo Njiani: Deni la Nani?

Twasoma kwamba katika nchi za baridi, dhoruba kubwa ya theluji ikisha kupita, hutokea watu wenye misumeno na mashoka wakaingia misituni kufungua vijia vya milimani, ambavyo vijana huviendea kwa baiskeli kwa ajili ya mchezo. Theluji ni nzito kuliko inavyoonekana pichani. Huelemea matawi mpaka yakakatika, huilaza miti chini, na kijia kilichokuwa wazi jana leo hakipitiki. Watu hao hawalipwi na mtu, wala serikali haikuwaita. Huondoa magogo, huzibua mitaro, kisha hurudi makwao; na wenye kuja kupita baadaye ni watu wasiowajua kwa sura wala kwa jina.

Msomaji wetu wa Unyamwezi aweza kucheka: jasho lote hilo kwa mchezo! Kwetu baiskeli hubeba mkaa, madumu ya asali, mahindi ya kusaga, na mara nyingine mgonjwa. Lakini ikiwa wale wajitoa hivyo kwa ajili ya mchezo, swali latugeukia sisi likiwa na uzito zaidi. Mvua zetu huanza kwenye Novemba na kuendelea mpaka karibu Aprili. Tufani moja ya jioni yatosha kuangusha mtundu au mninga juu ya njia iendayo shuleni, kisimani, zahanati. Nani ataliondoa gogo hilo? Na mtu akiliondoa, je, amefanya hisani, au amelipa deni?

Jibu la kwanza la mwanadamu ni kuzunguka, na Tabora yetu ina ushahidi wa zamani juu ya jambo hilo. Wageni waliopita katika karne ya 19 njia kuu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea hadi Ujiji, walistaajabu kuona ya kuwa njia iliyopitisha pembe nyingi namna ile ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja nyuma ya mwenzake, tena yenye kupindapinda hata mahali palipo tambarare. Sababu walizieleza wenyewe. Mti ulianguka, mtu wa kwanza akauzunguka, wa pili akafuata nyayo za wa kwanza, na hata mti ulipooza na kuliwa na mchwa, njia haikurudi mahali pake. Pindo lilibaki, na sababu yake imesahauliwa.

Hatuwalaumu wapagazi. Mtu mwenye mzigo wa frasila mbili begani, yaani kilo 30 na zaidi, anayetazamia kufika kwenye maji kabla ya jua kuwa kali, hawezi kusimama nusu siku akikata mti. Hasara ya kuzunguka kwake ni hatua 20 tu. Na hapa ndipo penye fumbo lenyewe: kila apitaye apata hasara ndogo, wala hakuna hata mmoja apataye hasara ya kumtosha kushika shoka. Hasara imegawanyika vipande vidogo mno, hata haina mwenyewe. Lakini siku moja yaja pikipiki imempakia mama mwenye uchungu wa kuzaa, usiku, mvua inanyesha, na kwake yeye hatua 20 za matope na vichaka si hatua 20. Deni ambalo wote tuliliacha kwa kuwa lilikuwa dogo, yeye alilipa zima peke yake.

Lakini ni haki kusema kwamba njia ile ya misafara haikuwa ya kuzunguka tu. Kirangozi, yule aliyetangulia msafara, alipofika njia panda alikuwa na desturi ya kulaza tawi au kuchora mstari kwa mguu kuikata njia isiyo yao, ili walio nyuma wasipotee. Mkia wa msafara mkubwa uliweza kuwa nyuma mwendo mrefu sana, naye hakuuona. Ilimgharimu kitambo kidogo tu. Basi kuwafikiria wajao nyuma hakukuletwa kwetu na mgeni.

Wako wanaotujibu upesi: hiyo ni kazi ya serikali; tunalipa kodi; tangu mwaka 1967 twaambiwa tujitegemee, na tangu mwaka 2017 kuna TARURA iliyokabidhiwa barabara za vijijini na mijini; mbona tena twaombwa mikono yetu? Wasemao hivyo hatuwaiti wavivu, maana neno lao lina haki ndani yake. Papa Pius XI, katika waraka wake wa mwaka 1931 juu ya utaratibu wa jamii, alifundisha kwamba jambo ambalo jumuiya ndogo yaweza kulitenda lisinyakuliwe na ile kubwa. Na maana yake nyingine ni kwamba lile lipitalo nguvu za jumuiya ndogo, ile kubwa haina ruhusa ya kulikimbia. Karavati lililobomoka, daraja lililochukuliwa na maji, tuta la kuinuliwa kwa greda, hayo si ya majembe ya wanakijiji, na kiongozi asiyatumie machepe ya watu kuficha fedha ambazo hazikufika. Lakini kijia kati ya kitongoji na kitongoji hakimo katika daftari la ofisi yo yote. Tukingoja afisa aje kuliona gogo letu, mchwa watamtangulia.

Twakubali pia kwamba neno hili “kujitolea” limechafuka masikioni mwa wengi, na si bure. Njia hii moja ya Tabora imepitiwa na watumwa waliofungwa minyororo. Imepitiwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda kwa hiari yao na kwa ujira wao, wakisifiwa nchi nzima kwa kazi hiyo. Halafu, katika vita vya 1914 mpaka 1918, wanaume walikamatwa na majeshi ya pande zote kubebeshwa mizigo, nao wengi hawakurudi. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam ni kumbukumbu ya wapagazi hao wa vita. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 watu walitengeneza barabara na shule kwa moyo wa kweli, chini ya wito wa Uhuru na Kazi; lakini mahali pengine, miaka ilivyopita, alitokea mtendaji mwenye daftari, akisoma majina na kutoza faini, na kazi ikaendelea kuitwa ya kujitolea. Mjukuu wa mtu aliyebebeshwa mzigo kwa nguvu akisikia mbiu ya kazi akajificha, sisi hatuna haraka ya kumhukumu.

Mapatano ya kimataifa ya mwaka 1930 juu ya kazi za kulazimishwa hayakuhesabu kazi ndogondogo za kijiji kuwa shuruti, mradi wanakijiji wenyewe au wajumbe wao wapate kushauriwa kama kazi hiyo yahitajika. Kwa sheria, kipimo hicho chatosha. Kwa adili, bado.

Katika Injili ya Mathayo, Bwana wetu asema habari za mtu anayeshurutishwa kwenda maili moja, naye awashauri wafuasi wake waende ya pili. Wasikilizaji wake walijua vema anachosema: askari wa Kirumi aliweza kumshika mtu ye yote njiani na kumbebesha mzigo. Tuangalie sana kwamba Bwana hakusema maili ya kwanza ilikuwa ya haki. Lakini alionyesha mahali ambapo mamlaka ya askari yakoma. Mzigo ni ule ule, jua ni lile lile, na bega ni lile lile, bali katika maili ya pili hakuna askari awezaye kusema, “Mimi ndiye niliyekupeleka.”

Jambo la namna hiyo lilitukia hapa hapa Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini Tabora. Mwezi Oktoba mwaka 1873 walifika Chuma, Susi na wenzao, wakiuchukua mwili wa David Livingstone, aliyefariki miezi mitano hivi nyuma katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Bwana wao amekufa. Hakuna wa kuwaamuru. Walimkuta pale Luteni Cameron, Mwingereza, naye akaona afadhali maiti azikwe hapo hapo. Hiyo ilikuwa ruhusa kamili ya kuutua mzigo. Wao walikataa. Waliposikia kwamba njia ya mbele itafungwa kwa maiti, waliufunga mwili kama mzigo wa kitambaa wakaendelea, na Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, ukawekwa kanisani kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Bila shaka walikuwa na nia zaidi ya moja mioyoni, kama watu wote walivyo. Pengine walitumaini tuzo. Lakini mwendo wa kutoka Kwihara hadi pwani haukuwa tena wa mtu mwingine ila wao.

Sasa twarudi kwenye swali letu la hisani na deni. Sisi twaona kwamba kuliondoa gogo si sadaka. Kila mmoja wetu alijifunza kutembea juu ya vijia vilivyofunguliwa na mikono asiyoijua. Wale waliotufungulia hatuwezi kuwalipa, maana wengi wamekwisha kufa. Basi lao laangukia wale wajao nyuma. Ni deni kweli. Ila Mtakatifu Tomaso wa Akwino apambanua deni la sheria, ambalo mtu aweza kudaiwa barazani, na deni la adili, ambalo hakuna hakimu wa kulidai, na bila kulilipa mtu hawi mwema. Deni la shukrani ni la namna hii ya pili, na sisi twaliweka gogo letu humo.

Ndiyo sababu hatuipendi faini. Mwenye duka hulipa faini asubuhi, akaketi dukani kwake na dhamiri nyeupe, akidhani amemaliza. Mjane asiye na shilingi ndiye aendaye na shoka. Hapo kijiji kimepata njia iliyo wazi, nacho kimeuza kitu ambacho hakikuwa cha kuuzwa. Mkutano wa kijiji ukiona lazima kuweka adhabu, basi iwe kazi ya siku nyingine, na iwe sawa kwa wote, wala wagonjwa na wazee wasiguswe.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji: faini ikiondolewa, watakuja wachache. Iko miaka ambapo kaya 60 zitatoa watu 12, na kazi ya wale 12 itakuwa nzito mara tano. Hatari yao kubwa si mti wala nyoka aliye chini yake. Ni ile ya kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, aliyefanya kazi shambani miaka yote huku akihesabu. Mtu anayekata gogo huku akitaja majina ya wasiokuja, mikono yake yafungua njia na ulimi wake waifunga, maana wale waliotajwa hawatakuja mwaka kesho pia. Tumeona kazi nyingi njema za parokia zikifa kwa ugonjwa huo kuliko kwa uvivu.

Tungependa, basi, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iliyo karibu na vijia vya namna hii ikubaliane mwezi Oktoba, kabla ya tufani za kwanza, ni kijia kipi chao na shoka mbili zipo kwa nani. Siku ya kazi waanze saa moja, kabla ya jua. Na yule atakayetokea saa nne, wengine wamekwisha kutoa jasho, apewe shoka, aonyeshwe upande ambao bado haujakatwa, wala asiulizwe alikuwa wapi.