Mwandishi Anauza Nini?

Siku hizi vijana wengi wa miji yetu, Lubumbashi, Bukavu na Kisangani, wanataka kuishi kwa kalamu. Hawangoji mshahara wa ofisi. Wanaandikia magazeti na kulipwa kwa kila habari, ao wanaandika kitabu na kukipeleka kwa mchapaji kwa fedha yao wenyewe. Wazee wanawauliza: «Hiyo nayo ni kazi?» Sisi tunajibu: ni kazi. Lakini linabaki swali lingine, zito kuliko la kwanza: mtu huyo akipokea fedha, ameuza kitu gani?

Tufikiri polepole. Seremala akiuza meza, anauza mbao, misumari na jasho lake. Meza haisemi uwongo. Maneno yanaweza kuusema. Mwandishi ana vitu viwili ndani ya mfuko mmoja: taabu yake na ushuhuda wake. Taabu ni kukesha usiku, kutembea kutafuta habari, kufuta na kuandika tena. Ushuhuda ni neno lake kwamba jambo liko hivi, si vile. Taabu inauzwa kwa haki. Ushuhuda hauuzwi, maana siku unapouzwa, unakufa.

Wengine wanadhani mwandishi mwema hatazami fedha. Sivyo. Katika Uingereza, mwaka 1746, Samuel Johnson alipatana na wauza vitabu wa London aandike kamusi kwa ginea 1,500, na katika fedha hiyo alipaswa kulipa pia wasaidizi wake. Kamusi ilitoka mwaka 1755, ikasifiwa sana. Mwaka uliofuata Johnson akakamatwa juu ya deni, mpaka rafiki alipomtolea fedha. Aliuza taabu yake, na hakuna mtu wa kumlaumu. Lakini bwana mkubwa mmoja, Chesterfield, aliyemwacha peke yake miaka ya shida, alianza kuisifu kamusi ilipokuwa karibu kutoka. Johnson akamwandikia barua ya kumkatalia: hakutaka watu wadhani kwamba bwana yule alimsaidia. Taabu aliiuza, ushuhuda hakuuza.

Vijana wengine wanasema: «Nitachapisha kwa fedha yangu, hivi sitakuwa na bwana.» Vizuri, lakini wafanye hesabu mbele. Charles Dickens, mnamo Desemba 1843, alitoa hadithi yake ya Noeli, A Christmas Carol, kwa gharama yake mwenyewe. Vitabu 6,000 viliuzwa kabla ya Noeli. Alitumaini faida ya paundi 1,000. Hesabu ya kwanza ikampa 230 tu, kwa sababu picha za rangi na jalada zuri vilikula fedha. Anayejichapisha anakuwa mwandishi, mfanyabiashara na mchukuzi kwa mara moja. Hata hivyo inawezekana. Kwetu Kongo, Zamenga Batukezanga, aliyekufa mwaka 2000, alitoa vitabu vyake vingine katika nyumba yake mwenyewe ya Zabat. Aliandika Kifaransa chepesi juu ya mambo ya kijiji na mji, na watu wa kawaida walimsoma.

Lakini hatari kubwa haiko kwa mchapaji. Iko ndani ya bahasha. Mnaijua desturi inayoitwa «coupage». Mtu mkubwa anawaita waandishi wa habari kwenye mkutano wake. Mkutano ukiisha, bahasha zinagawanywa, wanaziita fedha ya usafiri. Kesho yake sifa zake zinasomwa. Tusiwacheke upesi waandishi hao. Wengi kati yao hawana mshahara, ao wanaungoja miezi mingi, na nyumbani mtoto anadaiwa fedha ya shule. Je, baba huyo anakosa akiipokea bahasha?

Tutenganishe mambo. Kurudishiwa nauli si uwongo. Lakini kuna fedha inayokuja bila kutaja masharti, nayo masharti yamo ndani yake. Basi mwandishi ajiulize hivi: «Kama ningeona jambo baya katika mkutano ule, ningeweza kuliandika?» Akijibu hapana, ajue kwamba hakulipwa nauli, yamenunuliwa macho yake. Njaa inapunguza kosa lake, lakini haigeuzi uwongo kuwa kweli. Gazeti likisema kwamba daraja limejengwa imara, mama anapita juu yake na mtoto mgongoni. Huyo mama hakupata bahasha.

Afanye nini basi? Awe na tegemeo lingine. Anthony Trollope wa Uingereza alifanya kazi ya posta mpaka mwaka 1867, na vitabu vyake vingi aliviandika alfajiri, mbele ya kwenda kazini. Shamba la mihogo, duka dogo ao kufundisha watoto si haya kwa mwandishi. Vitu hivyo vinaipa kalamu nguvu ya kusema hapana.

Sasa tuseme juu yetu sisi wasomaji. Wahenga walisema: mkono mtupu haulambwi. Mtu analipa pombe bila kuuliza, lakini kitabu anakiomba bure. Mwingine ananunua kimoja, anakitoa fotokopi kwa darasa zima. Ni kweli, vitabu ni ghali, na maskini asihukumiwe. Lakini mwenye uwezo asiyelipa anamsukuma mwandishi kwa yule mwenye bahasha, halafu anashangaa kusoma uwongo. Mtu mmoja akilipa yote, anaushika mkono wa mwandishi kwa nguvu. Watu mia wakilipa kidogo kidogo, hakuna hata mmoja anayeweza kuushika. Tunajua kwamba umati nao unapenda kubembelezwa, na mwandishi anaweza kuufuata kwa tamaa. Lakini kati ya watu mia hawakosi wachache wanaotaka kweli, na hao wanamtosha asilale njaa.

Basi, ukimwona kijana amesimama sokoni ao mlangoni mwa kanisa na vitabu vyake mkononi, usianze kwa kumpunguzia bei. Muulize kwanza kama ameandika yale anayoyajua. Kama ni hivyo, mlipe yote.